Picha ya Zuhura

"Hii milima iko wapi?"

Kapteni Mugenzi aliuliza kwa mara ya tatu, taratibu, kama mtu asiye na haraka hata kidogo. Picha ilikuwa imetandazwa mezani, kila pembe imekandamizwa kwa risasi isije ikajikunja. Kando yake kulikuwa na kitambulisho cha Gahongayire, na wote wawili walijua ni kabila gani limeandikwa humo.

"Iko Zuhura, afande," alijibu Gahongayire. "Ile nyota kubwa ya alfajiri. Mimi ni mwalimu wa jiografia na picha ni yangu, padri aliyenifundisha aliniletea kutoka Ubelgiji. Mume wangu alikuwa anaitengenezea fremu tu, niitundike darasani."

Fremu tu, jamani! Kwa ajili ya vipande vinne vya mbao Twahiru alikamatwa karakanani kwake, mtaani kwao Nyakabanda, akatupwa kwenye gari mbele ya majirani. Askari waliona milima na mabonde, picha imepigwa kutoka juu, wakasema fundi anawatengenezea waasi ramani. Sakafu ya karakana waliipasua yote wakitafuta bunduki, wakaambulia vumbi la mbao. Ilikuwa Januari 1994, na Gahongayire hakumjua mtu hata mmoja aliyeingia pale kambini kwa tuhuma kama hiyo akatoka.

"Nyota ina milima?"

"Ni sayari, afande. Ya mawe, kama dunia yetu. Imefunikwa na mawingu mazito, jicho halipenyi. Kwa hiyo Wamarekani wamepeleka chombo kinaizunguka. Kinatuma mawimbi ya rada, yanapita mawinguni, yanagonga ardhi, yanarudi. Ndiyo wanapata picha."

"Na usiku je?"

"Hata usiku."

Kapteni akavuta kiti karibu. "Na chini ya ardhi?"

Gahongayire akaanza kupata matumaini, maana mtu anayeuliza ni mtu anayesikiliza. Akaeleza kwa mikono yote miwili, vile vile anavyofanya darasani. Chombo kikipita juu ya sehemu nzito kinavutwa zaidi, mwendo wake unabadilika kidogo sana. Wataalamu wanaupima mwendo huo, wanajua ndani ya sayari wapi pazito na wapi pepesi, na vipi miamba yake imegeuka kwa miaka na miaka.

"Kwa hiyo mtu akichimba shimo, wataliona."

"Shimo la ukubwa wa wilaya, labda. La choo, hapana."

"Hata likishafukiwa?"

Kumbe huyu bado yuko kwenye bunduki, bado anadhani Twahiru kazika kitu! "Afande, sisi hatuna shimo lolote. Na hicho chombo hakiko hapa, kiko kule kwenye Zuhura."

"Na hapa kwetu kinapita kipi? Hawa wazungu wa Umoja wa Mataifa, hawana cha kwao huko juu?"

Gahongayire alijua fika kwamba dunia nayo inazungukwa na vyombo vinavyopiga picha, alikwisha kuwafundisha wanafunzi wake. Lakini angeanzaje kusema hivyo, naye anataka mume wake aonekane hana habari na watu wa kuchungulia kutoka juu? Tangu aanze kushika chaki hakuwahi kudanganya juu ya somo lake. Siku hiyo alidanganya.

"Hakuna, afande. Nakuapia. Macho yao yote yako kule. Sisi hapa hakuna anayetuangalia."

Kapteni akashusha pumzi ndefu. Uso ukamlegea, akacheka, akawa mtu mwingine kabisa. Akaamuru Twahiru aletwe, akamwagizia Gahongayire Fanta ya baridi.

"Umenitoa wasiwasi, madamu," alisema. "Wakubwa wangu walikuwa hawanipi usingizi kwa jambo hili."

Twahiru aliletwa anachechemea, jicho moja limevimba, lakini mzima. Gahongayire alimkumbatia, akalia mbele ya wote bila aibu, kwa furaha tupu. Kama si askari waliosimama mlangoni, angembusu hata kapteni mikono.

Kapteni mwenyewe aliwasindikiza mpaka uani, kulikoegeshwa lori lililojaa sepeto mpya. Kabla ya kumrudishia Gahongayire kitambulisho, alikisoma tena, anwani na yote.

"Haya, nendeni nyumbani," aliwaambia. "Mtulie huko huko."

Walishukuru, wakashukuru tena, wakaondoka wameshikana mikono. Hawajafika getini, wakamsikia akimwita sajini wake.

"Hakuna wa kuona. Waambie vijana waanze kuchimba leo, na mashimo yawe mapana. Muanzie Nyakabanda."