Pikapu ya Magodoro

Wanawake wa Laini Saba walikuwa wameizuia pikapu njiani. Tangu juzi chang'aa yenye sumu ilikuwa imeua watu na kupofusha wengine, na hakuna gari lililopita bila kukaguliwa.

"Ni magodoro tu, mathe," dereva alisema. "Ingekuwa pombe, si nyuma ingekuwa imelala kwa uzito?"

Kweli, nyuma haikuwa imelala. Wakamgeukia Mutie.

"Fundi, wewe ndio unajua gari. Hebu angalia."

Dereva akamtazama Mutie, akatabasamu. Ni Mutie aliyemwongezea vyuma kwenye springi za nyuma, ili polisi wasiutambue mzigo. Siku ile pikapu ilikuwa tupu, na nyuma ilibinuka hata ngumi mbili zikaenea kati ya tairi na bodi.

Sasa Mutie alichuchumaa, akaingiza mkono hapo. Vilipita vidole tu.

Kibandani kwake kando ya njia, ndugu yake aliyekunywa juzi aliuliza tena kama kumekucha. Ilikuwa saa sita mchana.

"Si magodoro," Mutie alisema.

Tabasamu la dereva likayeyuka. Mwanamke mmoja aliyeshika jiwe akasogea, lakini si upande wa dereva.

"Umejuaje, fundi?"