Pembe ya Mgeni

Tangu asubuhi Desideria alikuwa akipita mbele ya mlango wa bluu wa mama yake bila kubisha. Hawakuwa wamesemezana tangu alipotoroka nyumbani. Mwisho akashika njia ya kurudi stendi, na hapo akakutana na maandamano ya sikukuu ya Mtakatifu Ana.

Akina mama watatu walibeba sanamu kwenye machela. Pembe ya nne alikuwa ameishikilia katekista.

"Wewe mgeni, njoo! Pembe hii huwa ya mgeni," mmoja wa akina mama akamwita.

"Mimi napita tu, mama."

"Basi pita na Mtakatifu!" Wakacheka, mtu akampokea begi, na katekista akamwachia pembe.

Machela hayakuwa mazito, ila hayakuruhusiwa kugusa ardhi mpaka kanisani. Katika kila nyumba mwenyeji alitoka na beseni na kitambaa, akafuta uso wa mtakatifu, kisha nyuso za wabebaji. Desideria aliangaza huku na huku akitafuta wa kumpokea. Kila aliyekutana na macho yake alizidi tu kuimba.

Wakakunja kona. Mlango wa bluu ulikuwa wazi.

Mama yake alitoka taratibu, macho kwenye beseni ili maji yasimwagike. Akampangusa mtakatifu vumbi, kisha akawageukia wabebaji, mmoja baada ya mwingine.

"Poleni na mzigo, wanangu."

Akakichovya kitambaa tena, akakikamua. Desideria alikaza mikono kwenye mti wa machela, akafumba macho. Ubaridi ulimgusa kwenye paji la uso, na kitambaa kikasimama palepale.