Mtungi wa Nne

Kengele ya kuchuma chai ililia, lakini Wilkista hakuinuka. Alikuwa amechuchumaa mlangoni pa nyumba yake ya kambini, mbele ya mtungi aliouchoma jana. Alikuwa ameujaza maji alfajiri. Mitatu ya kwanza ilipasuka motoni, na majirani wakacheka: mwanamke wa miaka arobaini na tano anaanza ufinyanzi!

Akaupapasa huu wa nne kwa vidole vyake vyeusi. Alikuwa akichuma chai tangu michai ilipokuwa michanga, ikimfika magotini, na weusi ule haukutoka kwa sabuni yoyote.

Palikuwa na unyevu. Akashtuka. Akapapasa upande wa pili, halafu chini. Unyevu ule ule, mwembamba, kila mahali. Haukuwa ufa. Mtungi ulikuwa unatoa jasho, kama mtungi mzuri unaopoza maji.

Nyapara akapanda kilima akihema. "Mama, hukusikia kengele?"

"Nilisikia."

"Na unajua asiyechuma hakai hapa kambini."

"Najua. Jumamosi nahamia Kiptere, karibu na soko, nikauze mitungi. Kikapu chenu kile pale ukutani."

Akachota maji mtungini kwa kibuyu, akampa. Nyapara akanywa, akanywa tena mpaka yakaisha. Akaweka kiganja juu ya mtungi, akakiacha hapo.

"Baridi kabisa," alisema. Akatundua kikapu, akakitia begani. "Basi nifinyangie mmoja kabla hujahama. Mkubwa kuliko huu."

Wilkista akacheka.

"Utangoja zamu yako sokoni kama wengine," alisema. "Udongo hausikii kengele."