Waya Kwenye Mguu wa Nyati

Nyati jike alisimama hatua arobaini mbele yao, akanusa hewa, na Mwenyekiti akahisi jasho likimtiririka mgongoni.

"Asisogee mtu," daktari wa wanyama alinong'ona. Alikuwa amepiga goti kando ya kichuguu kikubwa, bunduki ya sindano begani.

Nyuma yao alisimama askari wa wanyamapori, kijana mwembamba ambaye wote walimwita Mlingoti. Juzi alikuwa amemzika shangazi yake, mama aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Nyati huyuhuyu ndiye aliyemuua, ukingoni mwa msitu, akiokota kuni.

Baada ya mazishi, wengi walitaka mnyama auawe. Wa kwanza kusimama kikaoni na kusema hivyo, kwa mshangao wa watu, alikuwa Mwenyekiti mwenyewe. Huyu ndiye aliyeanzisha na kukiongoza chama cha wawindaji. Ndiye aliyewabana wenzake mpaka wakakubali kutogusa majike, na kwa ada za vibali vyao askari wakapata buti na redio. Hata wavuvi wa ndoano kule mtoni aliwakalia kooni hadi wakaanza kurudisha samaki wachanga majini. Sasa alikuwa akisema nyati yule ana ugonjwa. Apigwe risasi kwa mbali, achomwe moto palepale, mtu asimguse.

"Hana ugonjwa wowote," daktari alimkatalia. "Nimemwona kwa darubini. Ana waya mguuni, umezama karibu na mfupa. Maumivu ndiyo yanayomtia wazimu. Na ana ndama. Tukiutoa waya, atarudi kwenye kundi lake."

Watu wote wakamgeukia Mlingoti.

"Atibiwe," alisema. "Mimi namtaka aliyetega."

Hapo ndipo Mwenyekiti alipojitolea kuwasindikiza na bunduki yake. Alipigiwa makofi. Mtu wa miaka sitini na tano, na magoti yale! Asubuhi mkewe alimshika mkono mlangoni. "Baba watoto, hujala tangu juzi. Kwani lazima uende wewe?"

"Lazima," alijibu, akatoka bila kumtazama.

Ni yeye pia aliyewaleta hapa. Alikuwa amewaonyesha kijia chembamba kinachoteremkia kwenye maji, akawaambia wangoje. Haikupita hata nusu saa, mnyama huyo akatokea.

"Umejuaje, mzee?" daktari alimuuliza.

"Nimeota mvi porini, mwanangu."

Sindano ilitoka kwa sauti ndogo kama kikohozi. Nyati aliruka, akageuka, akawaona. Kisha akaja.

Alikuja kwa miguu mitatu, ule wa nne ukining'inia, lakini alikuja kama ukuta unaoporomoka. Walikizunguka kichuguu. Pembe zilipiga udongo, vumbi likawafunika wote watatu. Dawa ya usingizi ilihitaji dakika kadhaa kufanya kazi, na kila dakika ilikuwa ndefu kama msimu mzima wa kiangazi. Walizunguka, naye akazunguka. Waliisikia pumzi yake, wakainusa harufu ya kidonda kilichooza.

Mara moja alijitokeza wazi kabisa, kichwa chini, hatua sita tu. Mwenyekiti aliinua bunduki. Risasi moja, na mambo yote yangekwisha.

"Usipige!" Mlingoti alijitupa katikati, mgongo wake ukaziba shabaha.

Nyati aliyumba. Akapiga magoti kama anayesujudu, akalala ubavu.

Daktari alicheka na kulia kwa pamoja. Alimfunika nyati macho kwa kitambaa, akaweka sikio kifuani mwake.

"Wewe angalia pumzi zake," Mwenyekiti alimwambia, akitoa koleo kwenye mkoba. "Waya niachie mimi." Alikata mara ya kwanza, akakata tena, na kipande chenye kitanzi kilikuwa kimeshafika mdomoni mwa mfuko wake wa suruali pale kivuli kirefu kilipomwangukia.

"Nipe, Mwenyekiti," alisema Mlingoti. "Vipande vyote."

Akavitoa.

Mlingoti aliufuta waya damu kwa majani, akaugeuza taratibu kwenye mwanga wa jua. Daktari alikuwa ameshachoma dawa ya kumwamsha nyati. Wote watatu walirudi nyuma hadi kwenye gari na kumtazama akiinuka, akisitasita, kisha akiukanyagia ule mguu. Ndama alitoka kichakani akamfuata. Mlingoti peke yake hakuangalia. Alikuwa bado na waya wake.

"Baba yangu alikuwa fundi wa uzio," alisema hatimaye. "Nimesokota waya tangu utotoni. Mtu wa kawaida husokota kuelekea huku. Huyu amesokota kinyume." Alimwonyesha daktari fundo. "Huyu ni mtu wa mashoto, anatumia mkono wa kushoto."

"Watu wa hivyo ni wengi," Mwenyekiti alisema.

"Wengi, ndiyo. Wanaozijua njia za nyati si wengi."

Alitandaza fomu ya ripoti juu ya boneti. Sheria ilitaka saini mbili za mashahidi. Daktari alitia yake upesi, akampa mzee kalamu.

Mwenyekiti aliipokea, akaishika vizuri, akainama juu ya karatasi. Kisha akasita. Taratibu akaihamishia kalamu kwenye mkono wa kulia, akaandika jina lake kwa herufi zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, huku Mlingoti akiutazama mkono, si karatasi.