Uso wa Aliyebebwa

"Ufute huo uso," Winchi alisema, mara ya tatu wiki ile. "Upake saruji, ubaki hivi hivi bila macho."

Mchonga sanamu akaweka patasi chini. "Mzee wangu, nihurumie! Uzinduzi ni kesho. Mji mzima unajua ulimbeba nani. Kinyozi yuko hai, anakunyoa kila Ijumaa. Nikimfuta, watanielewa?"

Winchi aliitazama sanamu: yeye mwenyewe kifua wazi, mwenzake mgongoni, na chini yao majina arobaini na moja ya wachimbaji wa makaa ya mawe waliobaki ndani siku mgodi ulipoporomoka. Jina la saba lilikuwa la mdogo wake.

Kisa kile kila mtu alikijua, na kila mtu alikijua vibaya. Eti Winchi, aliyepewa jina hilo kwa nguvu zake, alirudi ndani ya moshi, akampita ndugu yake wa tumbo moja, akamwokoa mtoto wa watu. Walimu waliwasimulia watoto shuleni. Mama yake mzazi alimeza uchungu akamwambia, "Umeniachia kilio, mwanangu, lakini umenipa heshima." Akafa akiamini hivyo. Hilo ndilo lililomtafuna Winchi miaka thelathini, kama mchwa ndani ya mlango.

Ukweli ulikuwa mfupi na mchungu. Taa zilizimika, moshi ukajaa, akapapasa gizani mpaka akampata mtu, akambeba akiwa na hakika ni mdogo wake. Kule juu wakammwagia yule mtu ndoo ya maji usoni. Vumbi jeusi lilipotoka, Winchi akaona sura ya mwingine. Alipogeuka kurudi, njia ilikuwa imeziba.

Alitoka kwa mchonga sanamu akaenda moja kwa moja kwa Kinyozi. Hapakuwa na mteja. Kinyozi akamkalisha, akamfunga kitambaa shingoni, akaanza kumpaka povu.

"Leo nakunyoa kibwana harusi," alitania. "Kesho unasimama na wakubwa."

"Tunasimama wote."

"Mimi sitakuja. Nina kazi."

"Kazi gani, na mji mzima utakuwa umefunga?"

Kinyozi akaanza kunoa wembe ambao tayari ulikuwa mkali.

Wembe ulipofika kooni, Winchi akasema moyoni, liwalo na liwe.

"Sikukuokoa wewe," alisema. "Nisamehe. Nilidhani nimembeba mdogo wangu. Ningejua ni wewe, Mungu wangu, ningekuacha pale pale! Miaka yote hii nakula sifa za uongo, na wewe unanishukuru."

Wembe ukasimama. Winchi akafumba macho, akangoja atukanwe, afukuzwe, hata akatwe. Lolote lingekuwa nafuu kuliko kuendelea kushukuriwa.

Lakini Kinyozi aliweka wembe mezani, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Najua," alisema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu mle ndani. Uliuliza gizani, 'Mdogo wangu, ni wewe?' Yeye alikuwa hapo hapo kando yangu, anapumua, hana nguvu ya kujibu. Mimi nikaitika, 'Ndiyo, kaka.'"