Makopo ya Siwema

Mtaa mzima ulijaa ukumbini kutazama filamu aliyoipiga Siwema, mtapishaji vyoo, na bado viti vya kulia na kushoto kwake vilibaki vitupu.

Wenzake waliofundishwa kamera pamoja naye kwenye mafunzo ya mtaa walirekodi harusi na watoto. Yeye alirekodi makopo. Kila nyumba aliyoitapishia choo ilimwekea kopo lake, limetundikwa msumarini nje ya ua, ili akiomba maji asiguse kikombe cha watu. Kwenye skrini likapita la maziwa lenye kutu, likapita la rangi, na kila aliyeketi mle alilijua la kwake.

Taa zilipowashwa Bi Zuhura, mwajiri wake wa siku nyingi, alimjia, akasimama kando kidogo.

"Umetuumbua, Siwema."

"Nimerekodi makopo tu, bi mkubwa."

"Si ungesema kama yanakuuma?"

"Ningemwambia nani, na kila nikija mnaziba pua mnafunga mlango?"

Asubuhi alitoka na ndoo zake. Nje ya ua wa Bi Zuhura msumari ulikuwa mtupu. Kwa jirani vilevile, na kwa jirani wa jirani. Makopo yote yalikuwa yameondolewa, na hakuna aliyetoa kikombe.

Jua lilipopanda, koo likamkauka. Alirudi hadi mlangoni kwa Bi Zuhura, akafuta mkono kwenye kanga, akabisha hodi.

Ndani, vyombo vikaacha kugongana.