Bia Miguuni pa Cherehani

Nicolasa alimwaga bia kabla yeye na muuzaji hawajapatana bei.

Cherehani ile kuukuu alikuwa ameikagua barabara: alizungusha gurudumu kwa mkono, akapapasa meno yanayovuta kitambaa, akaijaribu kwa kipande cha ngozi. Mshono ukanyooka. Moyo ukamruka, lakini uso akaukunja. Muuzaji alitaka boliviano mia saba. Yeye alijiapiza asivuke mia nne.

"Chuma chakavu hiki, mzee."

Mzee akamkaribisha bia. Mkono wa Nicolasa, kwa mazoea ya kwao Oruro, ukamimina kidogo miguuni pa cherehani, kuishukuru ardhi kwa kitu kipya cha nyumbani.

"Chuma chakavu nani anakishukuria, mama? Mia saba ileile."

Akalipa: mia nne alizopanga, na mia tatu za koti la baridi la binti yake.